Ukuta wa Jikoni kwa Shangazi

Mwishoni mwa 1994 tuliporudi Kigali, wengi walirudi na magodoro na sufuria. Mimi nilirudi kutoka Tanzania na diploma ya ujenzi na sanduku la vifaa vyangu. Hiyo diploma sikubebwa na mtu. Nilifyatua matofali ya wenzangu likizo zote mpaka nikaipata, na sioni aibu kulisema kila ninapokaribishwa kiti.

Nilifikia mtaa wa Kimihurura kwa shangazi, dada wa baba, ambaye hakuwahi kuondoka nchini. Mumewe alikuwa ameuawa mwezi wa nne, mauaji yalipoanza. Alikuwa karani, lakini vigae vya ukuta wa jikoni alivipachika mwenyewe, Jumapili baada ya misa: vyeupe, vyenye mstari wa kijani. Simsifu ovyo mtu ambaye hakusomea kazi, ila ukuta ule ulikuwa umenyooka.

Risasi zilikuwa zimevunja vitatu. Shangazi akawa anapikia uani, mvua ikinyesha anashika mwavuli juu ya sufuria.

"Nikiyaona yale matundu, chakula hakipiti kooni," aliniambia. "Lakini ukuta usibomolewe. Umenisikia, mwanangu? Usibomolewe."

Madukani vigae vile havikuwepo, na maduka yenyewe mengi yalikuwa yamefungwa. Nikasogeza kabati. Nyuma yake mume wa shangazi alikuwa ameendeleza vigae mpaka chini, mahali ambapo hakuna mgeni angeviona. Nikachokonoa simenti ya kwenye maungio kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikavilowesha, nikapitisha bapa jembamba la chuma nyuma yake. Alikuwa amechanganya chokaa nyingi mno, kosa ambalo chuoni wangemfelisha kwalo, lakini siku hiyo lilinifaa, maana simenti iliachia upesi. Nilitoa vitatu vizima. Vingine vya hapo vilikuwa vipande alivyokatia pembeni, havinisaidii.

Vile vilivyovunjika vilitaka utaratibu wake: kwanza unakitenga kigae na jirani zake pande zote, halafu unakipiga katikati, vipande viangukie ndani. Hukichokoi ukingoni. Niliacha kazi hapo, nikaenda kuchota maji, maana bombani hayakuwa yakitoka.

Niliporudi na madumu, nilimkuta mtoto wa baba yangu mdogo, kijana aliyekulia Uganda na ambaye naye alikuwa akilala pale sebuleni. Ameshika nyundo yangu. Patasi ameichomeka ukingoni mwa kigae kibovu na kuiegemeza juu ya kizima.

"Toa patasi hapo."

"Nasaidia. Wewe na hako kamsumeno, Krismasi tutakula uani."

"Nimesema toa."

"Mzee wa diploma, hii kitu iko ya kupiga tu. Tunapiga yote, tunapaka rangi, nyumba inakuwa mpya."

Akapiga. Kile kizima kikapasuka kona hadi kona.

Nilitua madumu. Nikamwambia amekuja mikono mitupu, hata nyundo anayoharibia ni yangu. Nikamwambia watu wa aina yake wameikuta nchi imevunjika, na bado wanatafuta cha kuvunja. Hayo yote aliyacheka. Kisha akasema, kwa sauti ya kunihurumia:

"Shangazi analia kwa sababu huo ukuta uko hapo. Ukitoa yote, atasahau."

Nilimnyang'anya nyundo. Sijui ningeifanyia nini kama shangazi asingeingia. Alitutazama, akautazama ule ufa.

"Toka nje ukanichambulie mchele," alimwambia mwenzangu, kisha akanigeukia. "Wewe endelea."

Niliendelea. Vitatu vikakaa sawasawa na wenzao, nikaziba maungio kwa simenti nyeupe. Hata ukipitisha ukucha, hukwami. Nani mwingine Kigali mwaka ule angefanya kazi ile bila umeme? Lakini hiki cha nne sikuwa na cha kukibadilisha. Nilimwambia shangazi nitazunguka nyumba kwa nyumba mpaka nipate mfano wake.

"Kiache," alisema. "Hicho angalau namjua aliyekipiga. Yuko nje, anachambua mchele vibaya."

Jioni akaingiza jiko la makaa ndani, akapika akiwa ameuelekea ukuta. Tulikula wote watatu, mimi bila kumsemesha yule mjinga. Mpaka leo nikienda pale naketi kiti cha upande wa pili, nisiuone ule ufa, na bado nauona.