Tulizima stima, tukaweka card kwenye relay, na bado Kariuki akafa

Wakuu, salamu kutoka Nyeri kwenye baridi.

Hii habari nimeikalia muda mrefu. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa stima. Mwenzangu kazini alikuwa Kariuki, mtu makini kupita kiasi. Alikuwa anafuta spana kabla ya kuirudisha kwenye box. Tulimtania kwamba siku moja atapiga pasi overall.

Tuliitwa kiwanda kimoja cha chai upande wa Othaya kuongeza card, kibao kidogo cha elektroniki, kwenye protection relay. Kwa wasiojua, relay ni kifaa cha kulinda mashine: kikiona hitilafu kinakata stima. Card mpya ingekiwezesha kujua pia kama feni za kunyausha majani zinazunguka.

Ulikuwa msimu wa majani mengi. Tukamwomba meneja azime kila kitu.

"Zimeni hiyo panel yenu peke yake," akasema. "Feni muwache. Mkizima, hiyo majani yote itaharibika. Hata yangu iko hapo."

"Hata ya mama watoto iko hapo," Kariuki akasema. "Wacha tu zizunguke."

Mjue huku kwetu hakuna mgeni kiwandani. Meneja ana shamba, fundi ana shamba, askari wa geti ana shamba. Nani angezima feni za majani yake mwenyewe?

Tukazima panel yetu, lile kabati la stima lenye relay. Kariuki akapima na tester, hakuna stima. Akapima tena, kama kawaida yake.

Sasa, card kama ile inaharibiwa na static, ile stima ndogo inayokaa mwilini. Dawa yake ni strap ya mkononi inayokuunganisha na earth, ule waya unaopeleka stima ardhini. Ile ya dukani ina resistor ndani, kitu kinachobana stima isipite kwa nguvu. Yetu ilikuwa imekatika.

Kariuki akachuna waya wa shaba, akausokota, akajifunga mkono wa kushoto. Upande wa pili akaukaza kwenye earth ya panel.

"Hii kitu ni delicate," akaniambia. "Siwezi kuiua mimi."

Card ikaingia vizuri. Zikabaki waya za kuunganisha.

Waya mmoja ulitoka panel ya feni. Ulivutwa zamani na watu wengine, ncha ikafungwa tape. Panel yetu ilikuwa imezimwa, lakini ule waya ulikuwa na stima ya huko feni zilikokuwa zinazunguka. Kwa kuwa panel alishaipima mara mbili, Kariuki akabandua tape kwa mkono wa kulia.

Kulia stima, kushoto earth. Ikapita kifuani.

Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, macho wazi. Nilikimbilia panel ya feni nikazima zote. Niliporudi alikuwa chini, na ule waya wa shaba bado uko mkononi. Niliufungua mimi. Nikamkandamiza kifua mpaka gari ikaja, lakini hospitali walitwambia alishaenda.

Kabla sijatoka hospitali nikapata habari kwamba feni zimewashwa tena. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Card haikupata hata doa. Inafanya kazi mpaka leo.

Kwa hivyo wakuu, kuzima panel si kuzima stima. Kila waya unaoingia kutoka nje, kata huko unakotoka, funga swichi yake kwa kufuli, kisha uupime pale pale kabla hujaugusa. Strap iwe ya kununua, na uivue kabla hujashika waya wowote. Na kama mwenye kiwanda hataki kuzima, fungeni box mwende nyumbani.

Siku ya mazishi mkewe alinivuta kando.

"Lakini si mlizima stima?"

Nikamwambia tulizima.

"Yote?"

Mafundi wenzangu, nyinyi mngemjibu nini? Andikeni hapa chini.