Safari Hii Duilio Anakaa Nyuma

Ersilia akishaamua jambo, afadhali ujaribu kuhamisha kilima. Asubuhi ya sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, joto la Agosti likianza kuchemka, aliitoa skuta bandani, akaifuta vumbi, akafunga kikapu cha sungura wa kuchoma kwa kiungo cha shamari, kisha akaenda kusimama mbele ya mumewe, aliyekuwa amekaa chini ya mtini.

"Twende."

"Nani anaendesha?" Duilio akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Mimi. Si macho yako yamegoma?"

"Hayajagoma. Yamepunguza kazi tu."

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Tangu waoane, kila sikukuu hii walipanda skuta taratibu, kilima baada ya kilima, hadi Roccamara, wakala chini ya ukuta wa mji na kurudi jua likipoa. Duilio mbele, Ersilia nyuma. Lakini wakati wa baridi macho ya mzee yaliingia ukungu, na tangu hapo hakuvuka lango la ua. Marafiki wakija kumwita, anasema ana mafua. Mafua gani ya miezi yote hiyo! Binti yao Mirella akashauri skuta iuzwe. Ersilia hakubishana naye. Kila Jumapili alienda kwenye uwanja wa kiwanda cha mvinyo kujifunza kuiendesha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye aliinama mpaka akachubua magoti yote mawili kwenye kokoto. Aliogopa kitu kimoja tu: mume wake akizoea kile kiti cha chini ya mtini, hatanyanyuka tena.

"Mwanamume mzima kubebwa na mkewe," Duilio akanung'unika. "Watu watasemaje?"

"Mimi umenibeba miaka yote, mbona sikuona haya?"

"Wewe mwanamke."

"Na wewe mkaidi. Panda, sungura anapoa."

"Sungura huyo huliwa akiwa amepoa."

"Basi panda kabla hajapata joto!"

Akapanda, huku akiguna.

Wakashuka bondeni mwendo wa kutembea. Alizeti zilikuwa zimeshainamisha vichwa, na upepo ulinukia majani makavu. Ersilia alianza kufurahi, mpaka walipofika kona ya kwanza. Skuta ya watu wawili kwenye kona ni kama dansi: mmoja akilala upande, mwenzake alale naye. Duilio hakulala. Alikaa wima, kakakamaa, na skuta ikavutwa hadi ukingoni. Kona ya pili ikawa mbaya zaidi. Tairi likateleza kwenye changarawe, nusura waingie kwenye mizabibu ya watu.

Ersilia akafunga breki, akazima injini. Akamgeukia mumewe kwa hasira.

"Unanifanyia makusudi! Umekaa kama nguzo ya umeme! Kona inataka tulale wote, si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Leo kwa kuwa ni mimi niliyeshika usukani, bwana mkubwa hataki kufuata!"

Duilio akavua helmeti polepole.

"Kona ipi?" akauliza.

"Hiyo hapo nyuma, iliyotaka kutuua!"

"Ersi, siioni kona. Nahisi tu skuta inalala, nadhani tunaanguka, najikaza."

"Lakini ulimwambia daktari unaona vivuli."

"Hiyo ilikuwa Pasaka. Sasa naona mwanga na giza, basi. Turudi nyumbani."

Moyo ulimuuma Ersilia vibaya sana. Miezi yote hiyo alimwita mkaidi, mvivu, mwenye maringo, kumbe mtu wake alikuwa gizani peke yake na alishindwa kusema. Alitaka kulia. Alijifuta uso kwa kiganja, akawasha injini.

"Turudi tukafanye nini?" akasema. "Macho ninayo mimi. Nikisema kulia, unalala kulia. Nikisema kushoto, kushoto. Usifikiri, lala tu."

"Na ukikosea?"

"Tutaanguka wote. Vaa helmeti."

Mwanzoni Ersilia alichelewa kutamka, Duilio naye akachelewa kulala, wakayumba kama walevi. Ersilia akaanza kutamka mapema. "Kulia... sasa." "Kushoto, kali kidogo." Kufikia mteremko wa kinu cha zeituni skuta ilikuwa inatii, na Ersilia akapata nafasi ya kupiga soga.

"Wale wenye njiwa wamepaka nyumba rangi."

"Rangi gani?"

"Ya boga."

"Mungu awasamehe," Duilio akasema, akacheka. Ersilia alikuwa hajasikia kicheko kile tangu theluji iyeyuke.

Roccamara, njia hupita katikati ya uwanja. Mkono wa kulia ni mgahawa wa kahawa, na nje ya mgahawa marafiki wote wa Duilio walikuwa wakicheza karata. Walipoiona skuta na aliyeshika usukani, mazungumzo yakakatika.

Duilio akausikia ule ukimya. "Wapo?"

Ersilia angeweza kumdanganya. "Wapo wote," akasema. "Wanatutazama."

Vidole vya mzee vikambana kiunoni. Kisha akaachia mkono mmoja, akauinua juu, akapaza sauti, "Heri ya sikukuu, jamani!"

Alikuwa amegeukia kushoto, kwenye ukuta wa kanisa. Hapakuwa na mtu upande huo. Mezani, mmoja wa wale wazee alianza kuinua mkono, akaushusha, akatazama karata zake.

Ersilia aliyaona yote. Mume wake hakutoka chini ya mtini ili aje kusalimia mawe.

"Kushoto," akamwambia, "nusu duara. Sasa!"

Wakalala pamoja. Skuta ikageuka uwanjani, mkono wa Duilio ukiwa bado juu, mpaka ikaelekea ilikotoka, mgahawa ukawa kushoto na mkono ule ukaielekea meza ya karata. Hapo Ersilia akafunga breki.

"Wako mbele yako," akasema. "Salimia tena."