Nyumba ya Kupondea Magome

Zamani wanawake wa kisiwa hiki cha Ha'apai, huko Tonga, waliketi nyumba moja kuponda magome ya miti ya kutengenezea kitambaa cha ngatu wakiambizana siri zote za mwili kwa vicheko. Siku hizi nyumba ile ni stoo ya viti vya plastiki vya kanisa, na kila mwanamke anakoma hedhi peke yake, kimya, kama mwizi.

Hopoate, tabibu wa zahanati, hakuwasamehe wazee wa kanisa kwa hilo. Kila wiki Fipe, binti wa mama yake mdogo, alikuja akijipepea, jasho linamtiririka hata siku za baridi.

"Kichwa, kaka."

Hopoate alijua kichwa hakina neno. Lakini binti wa mama mdogo ni dada, na mbele ya dada mwanamume hatamki hata neno kitanda. Akampa vidonge vya maumivu.

Jioni moja, akipita nje ya nyumba ambamo wanaume hunywa kava, kinywaji cha mizizi, aliwasikia wakimtania Salesi, mume wa Fipe, mtu wa kuja kutoka Vava'u.

"Shemeji, leo tena mkeo ni hili bakuli?"

"Bakuli halinigeuzii mgongo. Yule hanitaki tena. Meli ijayo narudi kwetu."

Hopoate alipoingia wote wakanyamaza, kumheshimu kaka mtu. Heshima gani hiyo, inayongoja nyumba ibomoke!

Asubuhi akapiga simu mjini, akaomba muuguzi wa kike aje azungumze na wanawake. Akaja Latai, msichana aliyekulia Auckland. Wazee wa kanisa wakagonga kengele wakakusanya kijiji kizima ukumbini, wake kwa waume, kama mahubiri. Latai akafungua mdomo: hedhi ikikoma, homoni hushuka, uke hukauka, tendo la ndoa huuma, na hamu hukimbia maumivu.

Hopoate alikuwa wa kwanza kutoka. Fipe akatoka kwa mlango wa pili. Kisha wakatoka wote, maana kijiji kizima ni kaka na dada. Latai akabaki na viti vyake.

Na Salesi. Yeye hakuwa na dada kisiwani, basi hakuwa na wa kumkimbia. Akiwa nje dirishani, Hopoate alimsikia akiuliza polepole: "Kwa hiyo si kwamba amenichoka?"

"Pengine anaumia, baba. Pengine na usingizi hapati. Ipo krimu ya homoni ya kupaka ukeni, yapo na mafuta ya kulainisha. Lakini kwanza nimpime. Na wewe usimharakishe. Muulize, umsikilize."

Latai alikwenda nyumbani kwa Fipe na Salesi jioni ile. Meli ikaondoka bila Salesi.

Hopoate hakujua kama krimu ilisaidia. Angemuuliza nani? Mara ya mwisho aliwaona gatini, wakienda hospitali ya mjini Fipe apimwe tena. Salesi alikuwa akimpepea. Fipe akamwambia neno sikioni, wote wawili wakacheka. Alipomwona kaka yake, akainamisha uso, kama inavyopasa.