Mchoma Watu na Sindano

Dagane alikuwa mchomaji wetu pale Modogashe, zamani za Waingereza. Ngamia aliwapiga chapa, na watu aliwachoma kwa chuma cha moto: wengu likivimba, mgongo ukikataa kunyooka, ulimwita Dagane. Ulilala chini, akaja na chuma chekundu, na kabla hajakigusisha alimwambia kila mtu neno lile lile: "Ngamia hakulia. Wewe utalia?" Ukilia, ulichekwa kisimani mwaka mzima. Mimi nilichomwa mgongo na sikulia, ingawa moshi wangu ulionekana hadi Wajir.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika mwenyewe. Alikunywa maji kama lori bovu, na pale alipokojoa sisimizi walifunga safari kutoka Diff kule mpakani, wakaacha watoto kwa majirani. Bishara, binti wa dada yake, alikuwa nao pia, na yeye ulimla vibaya zaidi. Alikuwa na mtoto mchanga, maziwa yamemkauka, mikono imebaki vijiti.

Akaja daktari, Mzungu kijana mwenye hema, aliyekuwa akisomea digrii ya juu kuliko za madaktari wengine. Dawa yake ilitoka katika kongosho la ng'ombe. Alichotafuta ni njia ya kuifanya ikae chini ya ngozi ivuje polepole, kama maji ya kiriba chenye tundu, ili mgonjwa achomwe sindano mara moja tu kwa siku. Tulimwelewa. Viriba tunavijua.

Lakini dawa ilikuwa kidogo, na joto letu lilimtia wasiwasi. "Nitaanza na Dagane, ana mwili," alisema. "Mkojo wake ukisafika, nitajua dawa haikuharibika njiani. Hapo nitampa Bishara."

Dagane akaitazama sindano, nyembamba kuliko mwiba wa mgunga, akaiogopa. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile alisema tu, "Mimi huchoma watu. Sichomwi na mtu. Nifundishe, nitajichoma nyumbani." Daktari akamwamini. Nyumbani Dagane alimimina dawa ndani ya maziwa ya ngamia, akasema bismillahi, akanywa. Dawa ni dawa, alijiambia. Ipite mdomoni, ipite pajani, itafika.

Kila wiki daktari alichemsha mkojo wake pamoja na maji ya buluu, na kila wiki yaligeuka mekundu kama vumbi la barabara yetu, maana yake sukari bado imo. Bishara alikuwa akikaa nje ya hema kungoja rangi. Mwishowe hakuweza kukaa, akawa anangoja amelala.

Ndipo asubuhi moja daktari akaanza kufungasha. "Joto limeiua dawa," alisema. "Kumpa Bishara ni kumdanganya. Kesho narudi Nairobi."

Tulikuwa wengi, maana lori la Isiolo lilikuwa limesimama. Bishara akageuza kichwa kumtafuta mjomba wake. "Si kitu, abti," alisema. "Umejichoma siku zote hizi kwa ajili yangu. Mungu akulipe."

Wangemtukana angestahimili. Dagane alitazama miguu yake, akavuta shuka hadi likafunika uso.

"Sikujichoma," alisema mle ndani ya shuka.

"Unasema nini, mzee?" daktari akauliza.

"Niliinywa. Na maziwa. Niliogopa sindano."

 Halafu dereva wa lori akacheka, tukacheka sote, na waliocheka zaidi ni wenye makovu. Daktari hakucheka.

"Dawa hii ni jamii ya nyama," alisema. "Tumbo haliulizi kama ni dawa. Linaisaga kama nyama nyingine, inakwisha kabla haijafika kwenye damu." Shingo yake ilikuwa imeiva kwa aibu. Kusoma kote kule, na hakuwahi hata siku moja kuomba kuona alama ya sindano kwenye paja la Dagane.

Akafungua mzigo. "Basi lala."

Dagane akalala mchangani mbele za watu. Nikachuchumaa kichwani pake, nikamshika mabega kama yeye alivyozoea kutushika.

"Dagane," nikasema, "ngamia hakulia. Wewe utalia?"

Akalia. Kisauti chembamba, kama mwanambuzi aliyeachwa nyuma.

Siku chache baadaye maji yalibaki buluu. Bishara akapata sindano yake, wala hakupepesa jicho, na yule mtoto wake leo ana wajukuu. Lakini Dagane alikwenda hemani kwa kuzunguka nyuma ya vichaka, amejifunika shuka, asipite kisimani. Kuchoma watu hakuacha, nani mwingine alijua? Ila hakumtazama mtu usoni tena, na kabla hajagusisha chuma alinong'ona, "Lia tu."

Na watu, kwa kumwonea haya, walijikaza wasilie, jambo lililomuumiza zaidi. Kwa hiyo aliponichoma mimi tena nililia kwa nguvu zangu zote, mpaka watu wa Sangailu, mbali kule, wakafungia mbuzi ndani.  Alinifuta machozi kwa ncha ya lile shuka, uso ameugeuzia upande wa pili.