Kikombe cha Tatu Kwenye Njia ya Kabongo

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa nimefika darasa la tatu. Mjomba alinipa baiskeli isiyo na breki, akasema, "Hii njo shule yako sasa." Kwa miaka zaidi ya thelathini nilileta mahindi, mihogo na samaki wakavu Kamina, kutoka Bukama na vijiji vya njiani. Baiskeli yenye magunia matatu haipandwi. Unaisukuma, na ukifika kwenye mteremko unakimbia kando yake ili isikutoroke. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alinifundisha kukimbia, namjibu: magunia.

Nasema haya mapema ili mjue kwa nini nilikwenda Kabongo kukimbia, mzee kama mimi. Mwaka jana hapa Kamina kulikuwa na mashindano ya barabarani, kutoka stesheni kwenda upande wa Baze, ile kambi kubwa ya wanajeshi. Kati ya wazee nilifika wa kwanza. Nikiwa bado nahema, akaja Ajida Bokote. Ajida ni cheo chake cha zamani jeshini; huyu ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa Equateur, umri wetu ni mmoja, na mke wake anauza mawese kwenye soko la Baze. Akawaambia waamuzi: "Huyu papa alipanda moto. Nilisikia moto kwenye kona, kisha nikamuona mbele yangu." Moto kwetu ni pikipiki, na njiani hapakuwa na mtu wa kuhakikisha. Jina langu likafutwa.

Tangu siku ile sokoni wananiita Papa Moto. Akina mama wa mihogo, wapiga randa, hata watu ninaowatengenezea baiskeli. "Papa Moto, leo mafuta iko bei gani?" Wanacheka. Mimi sicheki. Yote niliyo nayo yalitoka kwenye miguu hii miwili. Anayesema miguu yangu ni ya uongo anasema maisha yangu yote ni ya uongo.

Basi niliposikia kwamba mwalimu mmoja wa Kabongo anaandaa mbio za njia za porini, na kwamba safari hii kutakuwa na vituo vinne, na kwenye kila kituo mkimbiaji anafungwa kitambaa mkononi kuonyesha kwamba amepita, nilikwenda moja kwa moja kwa Ajida, mbele ya watu.

"Ajida, twende Kabongo. Nikikushinda, utarudi hapa sokoni na kusema ulisema uongo."

"Na minyi nikikushinda, weye Papa Banza?"

"Nitaitika Papa Moto mpaka siku ya kuzikwa kwangu."

Mke wake aliweka chini kopo la mawese, akapiga makofi. "Eeh! Bazee babili, akili nusu!"

Siku ya kuondoka, asubuhi, stesheni ya Kamina. Ningeweza kwenda kwa pikipiki, lakini tangu mwaka jana sikai kwenye pikipiki, hata nikiwa mgonjwa. Treni ilikuwa ya mizigo yenye mabehewa mawili ya watu. Nilichagua la nyuma. Ajida akaja kukaa la nyuma. Nikajiuliza: kwa nini hakukaa la mbele, na nafasi ilikuwepo? Viatu vyangu vya kukimbilia nilivitoa kwenye mfuko, nikavitia ndani ya shati, juu ya tumbo.

Mbele kidogo ya kituo cha kwanza akafungua karatasi ya karanga za kukaanga, akaninyooshea.

"Kamata, papa. Njia iko mrefu."

Kwetu Baluba anayekupa kitu cha kunywa au kula anaonja kwanza mbele ya macho yako. Kwa mtu wa kwetu si matusi. Anaonja, anameza, kisha wewe unapokea bila wasiwasi. Nikamwambia Ajida, "Onja kwanza."

Uso wake ukabadilika. "Unaniita mulozi, muchawi?"

"Sikukuita kitu. Onja tu."

"Miaka makumi na makumi niko Katanga, hakuna muntu aliniambia vile. Siwezi kuonja. Minyi si mbwa wa kupimia chakula."

Akala karanga zote peke yake, moja moja, akinitazama. Nami nikasema moyoni: kama zilikuwa safi, kungekuwa na shida gani kuanza na moja? Treni ilisimama porini muda mrefu bila mtu kutuambia sababu, na hata hapo nilimwangalia yeye kwanza.

Jioni, Kabongo. Nililala kwa shemeji yangu Mama Numbi, dada wa marehemu mke wangu, kiongozi wa kwaya. Nyumba yake ina ua uliofagiwa vizuri na harufu ya mihogo iliyolowekwa. Alileta munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwenye kibuyu. Akanywa kidogo, akafuta mdomo, akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka chini.

"Umekonda, shemeji," akasema. "Unakimbia ao unakimbizwa?"

"Kuna mtu anataka kunimaliza."

"Nani?"

"Mwanajeshi mmoja."

"Ule mwenye aliulizia nyumba ya mwalimu kwa adabu vile? Shemeji, weye unaonaka mulozi hata kwenye sahani tupu. Lala. Kesho niko na kazi mingi, kwaya yetu njo itagawa maji njiani."

Nilifurahi kusikia hivyo. Sikuuliza zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Siku ya mbio, asubuhi, uwanja wa mpira. Tulikuwa wakimbiaji wengi, wazee saba tu. Mwalimu alisoma njia: kilomita ishirini, kupita mashamba ya mihogo, kuvuka reli, kushuka kwenye kijito, kupanda kilima, kurudi kwa njia ya misheni. Niliomba arudie mara mbili. Ajida alikuwa na viatu vipya vyeupe. Mimi nilikuwa na raba zangu kuukuu ambazo soli zake nilizikata mwenyewe kutoka kwenye tairi.

Filimbi ikalia. Vijana wakapotea kama panzi. Mimi nilianza taratibu, mwendo wa gunia. Ajida alikuwa nyuma yangu, hatua ishirini hivi, na hakutaka kunipita. Hilo lilinisumbua kuliko kama angenipita. Mtu mwenye nia njema anakaa nyuma yako kwa sababu gani?

Kituo cha kwanza, mwisho wa mashamba. Mama mmoja wa kwaya alinifunga kitambaa chekundu mkononi, akaninyooshea kikombe cha plastiki, cha bluu. Nikasimama.

"Onja kwanza, mama."

"Hapana, papa. Balitukataza. Maji hii iko ya bakimbiaji, sisi hatuna ruhusa."

"Nani aliwakataza?"

"Bakubwa."

Nikatazama kile kikombe. Wakubwa gani wanakataza mtu kuonja maji? Nikamrudishia. Nyuma yangu nilisikia Ajida akinywa kwa kelele, gudu gudu gudu, akisema asante. Yeye alikunywa bila hofu. Nikajiambia: anajua kikombe gani ni cha nani.

Kituo cha pili, kwenye reli. Kitambaa cha manjano. Dada mwembamba mwenye kilemba.

"Onja kwanza, dada."

"Tulikatazwa, papa."

Maneno yaleyale! Hapo nilikuwa na hakika. Watu wawili hawawezi kusema neno moja bila kufundishwa. Koo lilikuwa limeanza kukauka lakini kichwa kilikuwa kimejaa ushahidi. Baada ya reli palikuwa na njia panda na mshale uliochorwa chini kwa majivu. Ukaonekana kwangu kama umefutwa na kuchorwa upya. Nikainama kutafuta nyayo za vijana ili nijue walipita wapi. Ajida akafika, akasimama pia, mikono kiunoni.

"Umepoteza nini?"

"Kimbia, Ajida. Pita."

"Minyi sipiti. Minyi niko nafuata weye."

Unaona? Alisema mwenyewe. Nikashika njia ya mshale, kwa sababu nyayo pia zilielekea huko.

Kituo cha tatu, chini ya kilima. Jua lilikuwa limepanda na hapakuwa na kivuli. Kitambaa cha kijani. Sikuuliza tena, nilitikisa kichwa tu. Mama aliyekuwa na kikombe akaniita, "Papa, mudomo yako iko nyeupe! Kunywa!" Nikaanza kupanda.

Nimepanda vilima vingi na mzigo wa kilo mia. Kile ni kidogo. Lakini katikati yake miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine. Jasho likakatika, nikahisi baridi chini ya jua kali. Nikaona kichuguu, nikasema nitakishika tu kwa mkono, kisha nikajikuta nimekikalia. Nilijaribu kusimama mara mbili. Nikawaza habari itakayofika sokoni: Papa Moto aliishiwa mafuta.

Nikasikia hatua. Ajida alikuja akitembea, hakimbii, mkono mmoja umefunika kikombe cha bluu ili maji yasimwagike. Nusu ilikuwa imeshamwagika kwenye viatu vyake vyeupe. Mama wa kituo cha tatu alikuwa amemwambia kwamba yule mzee wa mbele amekataa maji, na yeye mwenyewe alikuwa ameniona nikikataa vituo vya nyuma.

Akasimama mbele yangu. Sisi wawili tukatazamana.

Akainua kikombe. Akanywa funda moja. Akameza, akafungua mdomo kama mtoto kwa daktari, akautoa ulimi.

"Ona. Iko ndani ya tumbo yangu. Sasa kunywa, weye mukaidi."

Nikanywa. Yalikuwa maji ya vuguvugu yenye ladha ya plastiki, na sijapata kunywa kitu kizuri kama kile.

"Kwa nini umeniletea?" nikamuuliza.

"Ukikufa hapa, Baluba bote batasema njo minyi nilikuua." Akachuchumaa. "Na tena nilitaka kukuona. Tangu uwanjani niko nyuma yako, natafuta moto. Nilisema, leo nitamushika. Nimeona matako yako kilomita kumi na tatu, papa. Hakuna moto."

Basi ndiyo sababu hakunipita. Mimi nilikuwa namchunga yeye, na yeye ananichunga mimi, porini, wazee wazima.

Akasimama, akavuta kaptula. "Maji nimekupa. Mbio sikupi." Akaondoka.

Nilikaa mpaka maji yashuke, kisha nikamfuata. Kituo cha nne nilikunywa vikombe viwili bila kuuliza kitu, nikafungwa kitambaa cheupe. Kwenye njia ya misheni nilimwona mbele, nikasogea, nikasogea, nikafika karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Lakini uwanja ulikuwa umeshafika. Akanitangulia kwa hatua nane au tisa. Nilishindwa. Sina maneno ya kulipamba jambo hilo.

Mwalimu alihesabu vitambaa vyetu, vinne kwangu, vinne kwake. Ajida akaomba mikro, kile kipaza sauti cha mwalimu. Nilidhani atanitangaza Papa Moto mbele ya Kabongo nzima.

"Bantu ya Kabongo," akasema, "mwaka jana nilisema huyu papa alipanda moto. Sikuona moto. Nilisikia tu, kisha akanipita, na kichwa yangu ikakataa kukubali. Leo nimetembea nyuma yake. Ni miguu."

Mama Numbi alikuwa pembeni na sufuria ya wali. Aliposikia nilikataa maji vituo vitatu kwa sababu wanakwaya hawakuonja, aliweka mikono kichwani.

"Shemeji! Minyi njo nilibakataza! Mwaka jana kwaya ilikunywa maji yote, bakimbiaji bakakosa. Bakubwa ni minyi!"

Watu walicheka mpaka mwalimu akazima mikro. Yule niliyekuwa namtafuta njia nzima nilikuwa nimelala nyumbani kwake, na munkoyo wake ulikuwa tumboni mwangu.

Kesho yake, treni ya kurudi. Ajida alinunua ndizi dirishani. Alimenya moja, akaiuma ncha, akatafuna polepole akinitazama, kisha akanipa iliyobaki. Nikala.

Sokoni Kamina alisema tena yote aliyosema Kabongo, na mke wake alikuwepo. Lakini nami nilikuwa nimetoa neno langu, na nilishindwa. Muuza mihogo mmoja akajaribu: "Papa Moto?" Nikaitika, "Naam." Akaona haya yeye. Wengine wameacha. Wachache bado wananiita hivyo, nami naitika kila mara.

Nilichojifunza ni hiki. Ajida hakunishinda kwa miguu, nilijishinda kwa vikombe vitatu. Lakini desturi ya kuonja siiachi. Nimejifunza tu kwamba mtu akikataa kuonja, kuna sababu nyingi kabla ya sumu, na sababu unaiuliza kwa mdomo. Na bado najiuliza, siku nyingine, kama angeniletea maji yale endapo hakungekuwa na Baluba wa kumsema. Sijamuuliza. Labda nitamuuliza.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu na mabati. Baiskeli nne, mbili za kukodisha. Kibanda cha kutengenezea baiskeli, na vifaa vyake. Mbuzi sita. Shamba la mihogo upande wa reli. Redio. Raba mbili za soli ya tairi. Vitambaa vinne: chekundu, manjano, kijani, cheupe. Na kikombe kimoja cha plastiki, cha bluu, ambacho Mama Numbi aliniambia nikichukue. Ajida akija kwangu namtilia maji ndani yake, na mimi ndiye ninayeonja kwanza.