Hali Si Nzuri, Njooni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa kusema "haloo". Nilidhani redio ni ya kusemea tu. Fundi Mkuu wa hospitali yetu ya misheni, upande wa Masasi, akaninyang'anya maikrofoni. "Mama Zaina, hapa tunaandika. Kelele peleka sokoni!"

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka yalijaa mitumba na redio kaseti, lakini simu ya Newala ukiipiga unasikia upepo tu. Wenye leseni za redio ya ridhaa, watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi si kwa biashara, walitufungia sisi na wenzetu wa Newala kompyuta, modemu na betri ya gari. Modemu iligeuza maandishi kuwa milio, milio ikaenda hewani mpaka mtambo wa Dar es Salaam, na barua ikakaa humo hadi mwenyewe aichukue. Mtambo ule ulijibu hata maswali: ukiuliza kama kituo fulani kimechukua barua yake, jibu linarudi. Nyie mnaopapasa vioo vya simu mtacheka. Chekeni tu.

Fundi Mkuu alinifundisha na adabu moja: habari ya kifo haitumwi kavukavu. "Andika, hali si nzuri, njooni. Mtu asije akaanguka barabarani." Nikaandika hivyo miaka na miaka. Watu wa Newala wakazoea. Wakiletewa karatasi yetu tu, wanatafuta sanda.

Ndipo akaletwa Bi Somoe. Alikuwa ameteremka kutoka Newala kumtembelea dada yake kijijini Chiwata, akashikwa na tumbo, kumbe anavuja damu ndani. Damu ya dada mtu haikuoana na yake. Mganga Mkuu akaja mwenyewe chumba cha redio. "Mwite mwanawe. Bila damu siwezi kumpasua."

Niliandika: "Bi Somoe yu hai. Saidi aje leo atoe damu." Nikauliza mtambo, Newala wamechukua? Wamechukua. Nikashusha pumzi. Kisha jibu lao likaingia: "Ujumbe umefika. Ndugu wanakusanyika. Poleni sana."

Poleni? Nikaandika tena: "Hajafa! Saidi aje peke yake, sasa hivi!" Nikauliza mtambo. Bado. Nikauliza tena. Bado. Kumbe mwenzangu wa Newala alikuwa amezima mashine, ameenda msibani.

Nilipopita wodini Bi Somoe akanishika kanga. "Saidi yuko njiani?"

"Yuko njiani, mama."

Walifika kesho yake mchana, lori zima, kina mama wakilia, sanda imekunjwa vizuri ndani ya kikapu. Saidi akanijia kwa heshima zote.

"Shikamoo dada. Mama alifariki jana?"

"Marahaba. Leo asubuhi, mdogo wangu."

Akanitazama. "Leo? Kwa hiyo ile karatasi ilikuwa ya kweli?"

Akakaa sakafuni, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akabaki hivyo hivyo.

Minara ya simu ilipokuja, mitambo yetu iling'olewa, na miaka ikapita nikastaafu. Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinipa mshahara, na ikaninyima kuamini neno la kutumwa. Juzi Zaina, binti yangu, kanipigia simu: "Mama, mjomba anaumwa, lakini yu hai, usiogope."

Nikamshukuru. Nikakata simu, nikajifunga kanga, nikaanza kulia.