Fuwele Chini ya Chupa

Nilimgombeza mama yule mbele ya watu, tena kwa sauti.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, Mwanza imejaa maduka ya dawa na dawa zenye majina mapya. Mimi nilikuwa mtoa dawa wa hospitali. Yeye na mumewe walikuwa wamevuka ziwa kutoka Kamanga na binti yao wa miaka mitatu, mgonjwa wa nimonia. Nilimpa mama chupa ya dawa ya maji, nikamwonyesha kijiko: asubuhi, mchana, jioni. Siku ya nne walirudi, mtoto anahema mbavu zinabonyea.

"Ulimpa dawa sawasawa?"

"Nilimpa, dada, kama ulivyosema."

"Ungempa asingekuwa hivi. Mkifika nyumbani mnaacha dawa mnakimbilia mizizi."

Mumewe, aliyesimama nyuma yake, aliyasikia yote. Kesho yake mtoto alifariki.

Muuguzi aliniletea chupa yao iliyobaki wodini. Niliitikisa. Chini kulikuwa na ganda gumu lisilochanganyika. Nililikwangua, likakwaruza kidole kama mchanga. Hadubini yetu ya kupimia malaria ilionyesha vivuli tu.

Bosi wangu, mfamasia mzee, alifungua chupa nyingine za ghalani, tulikozipanga chini ya paa la bati kiangazi kizima. Zote zilikuwa vilevile. "Tuziondoe," alisema. "Lakini tukisema ni mbovu, nani atatuamini kwa macho tu?"

Daktari wetu mmoja alikuwa anakwenda kusoma Ulaya. Alichukua chupa mbili, kwa kuwa chuo chake kilikuwa na hadubini ya elektroni, ambayo haitumii mwanga na hukuza kitu mara maelfu.

Bahasha yake ilifika baada ya miezi saba. Ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe: fuwele ndefu zenye ncha, zimelaliana kama kuni zilizobwagwa. Aliandika kwamba dawa ile ilipaswa kuwa vumbi laini linaloelea. Joto la mchana na ubaridi wa usiku viliikuza ikawa fuwele, zikazama zikashikana. Juu yalibaki maji matamu tu, bila dawa.

Jumamosi nilipanda kivuko kwenda Kamanga na ile picha. Nilimkuta mume peke yake.

"Hayupo. Nimemrudisha kwao," alisema. "Si wewe mwenyewe ulisema hakumpa mtoto dawa?"

Nilimpa picha. Aliitazama sana, akaigeuza juu chini. "Hizi ni nini?"

"Ni dawa niliyowapa, shemeji. Mkeo hakukosea. Nilikosea mimi."

Alinirudishia. "Basi nenda kamwambie mwenyewe."

Nilikwenda siku ileile, hadi kijiji cha wazazi wa mkewe, ndani huko Sengerema. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Mama wa mtoto alikuwa anaanika mihogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwomba msamaha. Aliendelea kupanga vipande juani mpaka nilipomaliza.

"Alikuwa hataki kile kijiko," alisema. "Nilikuwa namziba pua ili ameze. Alilia kila mara."

Aliweka kipande cha mwisho, akaniangalia.

"Na watoto wengine mliowapa?"

"Sijui," nilimjibu, na ulikuwa ukweli. Chupa nyingi zilikuwa zimeshatoka dirishani kwangu kabla hatujafungua zile za ghalani, na hakuna aliyekuwa ameandika zilikwenda kwa nani.